Mfuko wa Nyuma, wa Kulia

Miaka saba nimeshona mfuko.
Si suruali. Mfuko.
Wa nyuma, wa kulia, wa jinzi,
mia na kumi kwa saa, na ukipungukiwa
Mwatela wa laini husimama nyuma ya shingo yako
saa yake mkononi, hasemi kitu,
anapumua tu.

Wa kushoto ni kazi ya Kadzo.
Zipu ni ya Mulwa. Kiuno kina wenyewe, laini ya tano.
Suruali nzima sijaiona ikisimama;
hupita vipande vipande kama ng'ombe wa karamu,
huyu paja, yule mbavu,
na mwenye ng'ombe hayuko.

King'ora cha kwanza hulia Changamwe kungali giza.
Tunatoka Mikindani, tunatoka Chaani, tunatoka Jomvu kwa miguu,
maana nauli ni bei ya unga.
Tunafuata reli, tunakanyaga kokoto zenye mafuta,
malori ya makontena yanatupulizia moshi usoni,
na langoni Bi Mwanasiti anafunua sufuria:
mbaazi, mahamri, "lipeni mwisho wa mwezi,
lakini lipeni."
Nazi hunukia dakika mbili.
Kisha ni vumbi la pamba hadi jioni.

Vumbi lenyewe ni la buluu.
Nikipenga kamasi, buluu.
Mwanangu anayelelewa Kaloleni aliniuliza
kama kazi yangu ni kupaka mbingu rangi.
Nikasema ndiyo.

Kwenda chooni kuna kadi, moja, ya mbao,
watu sitini. Tumejifunza kutokunywa maji.
(Nako Mikindani mfereji hutoka Alhamisi,
siku nyingine ni dumu shilingi ishirini,
kwa hiyo kiu tumeizoea pande zote mbili.)
Sindano ilipoingia kwenye ukucha wa Kadzo
alipewa plasta, na nusu siku bila malipo.
Mfuko ule, wenye tone lake,
ulifuliwa ukasafirishwa.

Chumba nimepanga na Nyevu wa zamu ya usiku.
Kitanda kimoja, kodi nusu kwa nusu.
Nikitoka anaingia. Nikiingia ametoka.
Mwaka wa pili huu namjua kwa joto la godoro,
kwa kipande cha hamri anachoniachia chini ya bakuli,
kwa unywele mtoni.
Kitanda chetu hakipoi.
Hata vya hospitali hupumzika.

Jumapili moja nilivuka hadi Kongowea
kutafuta shati la shule.
Bunda ndiyo kwanza limekatwa kamba,
nguo za ng'ambo zimelala kifudifudi juani,
na katikati yake suruali iliyochakaa magoti,
na mfukoni, wa nyuma, wa kulia,
kona ile ninayoirudia mishono mitatu badala ya miwili
kwa kuwa cherehani yangu huruka.
Niliijua kama mtu anavyojua
kikohozi cha mwanawe gizani.

Nikatia mkono. Karatasi,
imefuliwa hata herufi zimekimbia.
Nikamwambia muuzaji: mfuko huu ni wangu.
Akacheka. "Mia tatu, uwe wako na miguu yake."
Mia tatu! Na mimi kwa mfuko huo
sijui hata kama nililipwa senti hamsini.
Shati la shule likangoja.
Nikalipa.

Sikuivaa. Niliilaza kitandani, upande wa ukutani,
nikaenda kazini.
Jioni nikaikuta imekunjwa, godoro lina joto,
na kwenye upindo wa mguu wa kushoto
Nyevu, ambaye hushona pindo, pindo tu, usiku kucha,
amepiga mstari wa chaki,
na kando yake, kwa mwandiko nisiowahi kuuona:
huu mimi.